Singulariti ipi tunayoiogopa?

Mjadala wa akili mnemba ukipamba moto, hakosi mtu wa kulitaja neno la Kiingereza "singularity". Kwake ni siku ambayo mashine zitampita binadamu kwa akili, na mambo baada ya hapo hayatatabirika tena. Ray Kurzweil, mvumbuzi wa Marekani, aliiwekea mwaka kabisa katika kitabu chake cha 2005: 2045. Wapo wanaoisubiri kwa hamu, wapo wanaoihofia, na wapo wanaoicheka. Kabla ya kuchagua upande, inafaa kujua neno hili limepita mikono mingapi, kwa sababu kila mkono umeliachia maana yake.

Asili yake ni Kilatini, singularis, yaani kilicho peke yake. Wafaransa walitoa humo jina la nguruwe pori, sanglier, kwa kuwa dume lake hupenda kutembea bila kundi. Waingereza wakalitumia kwa mambo mawili kwa pamoja: kilicho kimoja, kama umoja wa sarufi ulivyo kinyume cha wingi, na kilicho cha ajabu. Kwetu si jambo geni. Tukimwita fulani mtu wa pekee, hatumaanishi kwamba amebaki mwenyewe nyumbani.

Wanahisabati walilipa kazi ya kiasi zaidi. Gawa 1 kwa 0.1 upate 10, kwa 0.001 upate 1,000, kwa 0.000001 upate milioni. Ukifika kwenye sifuri, hakuna jibu. Hapo ndipo penye singulariti: mahali ambapo kanuni imeishiwa la kusema. Hakuna kinacholipuka, wala ulimwengu haujageuka.

Fizikia ndiyo iliyolitia neno hili kishindo. Mwishoni mwa 1915, mwanafalaki Mjerumani Karl Schwarzschild, akiwa na jeshi la Ujerumani katika uwanja wa vita dhidi ya Urusi, aliupatia ufumbuzi mlinganyo mpya wa Einstein kuhusu mvutano. Ufumbuzi wake, uliochapishwa 1916, ulikwama mahali pawili: katikati kabisa ya tungamo, na kwenye mpaka fulani unaoizunguka katikati hiyo. Schwarzschild alifariki Mei mwaka huohuo, na suala la pale pawili likawasumbua wenzake kwa miongo kadhaa. Mwaka 1939 Einstein mwenyewe aliandika makala ya kuonyesha kwamba maada haiwezi kubanwa kiasi hicho. Mwaka uleule wanafizikia wa Marekani, Oppenheimer na Snyder, wakaonyesha kwa hesabu kwamba nyota kubwa iliyoishiwa nishati inaweza kuporomoka ndani yake yenyewe bila kusimama.

Kilichogundulika baadaye kinafundisha. Kule mpakani hapakuwa na tatizo lolote la asili. Tatizo lilikuwa la vipimo vilivyotumika. Ni kama ramani ya dunia ya mtindo wa Mercator, ambayo haiwezi kuichora Ncha ya Kaskazini kwa sababu ingehitaji karatasi isiyo na mwisho, ilhali ncha yenyewe watu wameshaikanyaga. Ukibadilisha vipimo, singulariti ya mpakani inatoweka. Ya katikati haikutoweka. Mwaka 1965 Mwingereza Roger Penrose, mwanahisabati, alithibitisha kwamba, kwa mujibu wa nadharia ya Einstein, mporomoko ukishapita hatua fulani singulariti haiepukiki, hata kama nyota haikuwa duara safi. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Hata hivyo wanafizikia wengi hawaamini kwamba kule ndani kuna kitu chenye msongamano usio na kikomo. Wanaona nadharia imefika mwisho wa uwezo wake, na inahitajika nyingine itakayounganisha mvutano na fizikia ya chembe ndogo. Picha maarufu ya shimo jeusi (mahali penye mvutano mkali hata mwanga hautoki) la galaksi ya M87, iliyotolewa Aprili 2019, inaonyesha kivuli na mwanga unaokizunguka. Singulariti yenyewe haimo pichani.

Basi watu wa teknolojia walipoliazima neno, waliazima maana ipi? Mtajo unaonukuliwa sana ni wa mwanahisabati Stanislaw Ulam. Mwaka 1958, akimkumbuka rafiki yake John von Neumann, mwanahisabati mwenzake aliyefariki mwaka uliotangulia, alisimulia mazungumzo yao kuhusu kasi ya teknolojia inayoelekea kwenye singulariti katika historia ya binadamu. Mwaka 1993 Vernor Vinge, mwanahisabati na mwandishi wa hadithi za kisayansi, akalikuza wazo hilo. Alisema ndani ya miaka 30 tutakuwa na uwezo wa kuunda akili inayotupita, na kwamba angeshangaa likitokea kabla ya 2005 au baada ya 2030. Kwake neno lilikuwa onyo kwamba mbele ya hapo makadirio yetu hayafai kitu. Matumizi hayo nayaona ya haki, kwa kuwa yanakiri kikomo cha kanuni kama wanahisabati wanavyokiri.

Kwa Kurzweil mambo yanachanganyika. Hoja yake kubwa ni kwamba uwezo wa kompyuta hujirudufu kila baada ya muda fulani. Lakini kitu kinachojirudufu kila miaka miwili hakifiki kamwe mahali kanuni inapokwama. Kinakuwa kikubwa, basi. Ili singulariti ya kweli itokee, muda wa kurudufu lazima wenyewe ufupike: miaka 8, kisha 4, 2, 1, miezi 6, na kuendelea. Jumlisha yote, hutavuka miaka 16, na humo ndani kurudufu hakuna idadi. Tena aliyesema mbele hapaonekani, kisha akatusimulia kwa kirefu maisha ya huko mbele, ametoa kwa mkono mmoja na kupokonya kwa mwingine.

Watetezi wana jibu zito, nalo halikutoka kwa Kurzweil. Mwanahisabati I. J. Good, aliyefanya kazi na Alan Turing, mmoja wa waasisi wa kompyuta, kule Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua ujumbe wa siri wa adui wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliandika mwaka 1965 kwamba mashine yenye akili kuliko mtu itaweza kubuni mashine bora zaidi yake, nayo hiyo itabuni nyingine. Ikiwa kila kizazi kinabuni kinachofuata kwa haraka zaidi, tumepata ule muda unaofupika. Kimahesabu hoja imesimama. Swali ni kama muda huo unaweza kuendelea kufupika, maana viwanda vya chipu hujengwa kwa miaka, na umeme hauzalishwi kwa kufikiri tu.

Kipo kisa cha kupimia. Mwaka 1960 mwanasayansi Heinz von Foerster na wenzake wawili walionyesha katika jarida la Science kwamba idadi ya watu duniani kwa karne nyingi ilikuwa imefuata mkondo wa aina hiyohiyo, na kwamba ingekosa kikomo Ijumaa, tarehe 13 Novemba 2026. (Tarehe 13 Novemba ni siku yake ya kuzaliwa, utani ulikuwemo.) Takwimu zao zilikubaliana na kanuni vizuri. Katika miaka ya 1960 kasi ya ongezeko ilifika kilele, kama asilimia 2 kwa mwaka, kisha ikaanza kushuka, na sasa iko chini ya asilimia 1. Kilichofika mwisho ni kanuni.

Jambo moja zaidi linanisumbua, nalo linatokana na ile maana kongwe ya umoja. Ukisema singulariti, msikilizaji anasikia tukio moja, siku moja, kwa wote. Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme New York mwaka 1882, na hadi leo watu wapatao milioni 600 kusini mwa Sahara hawana umeme majumbani. Akili mnemba nayo tayari imeanza kuwabadilishia kazi wafasiri na waandika programu, huku wengine wakiisikia redioni tu. Kubishania 2045 kunawapa wenye kampuni nafasi ya kuzungumzia siku ambayo hakuna anayewadai hesabu yake, wakati maswali ya mwaka huu, kama nani analipwa na nani anaachishwa, yanadaiwa majibu sasa.