Zigonge kwanza, ndipo utoboe!

Jamani, hivi kugonga karatasi mezani zilingane kabla ya kuzitoboa kunagharimu nini? Kuanzia Darajani mpaka Michenzani steshonari tele, na mashine za kubaindi, za kutoboa kurasa na kuzitia springi, zipo. Lakini baadhi ya vijana wanaozishika wana haraka kama wanaowahi boti ya Pemba. Bunda zima la kurasa linasukumwa kwenye mdomo wa mashine, mpini unakandamizwa, basi. Kurasa hazikufika kwenye kizuizi cha pembeni, tundu la mwisho limekata ukingo, na hapo ndipo patakapochanika. Springi ya plastiki ya A4 ina meno 21. Safu ya matundu ikihama kidogo tu, ukurasa unachomoza nje ya wenzake.

Kisingizio chao unyevu. Ni kweli, masika karatasi za hapa Unguja hulegea, zikajikunja na kugandana, na pangaboi linazipeperusha. Si ulizime dakika moja! Zipepete ziingie hewa, gonga upande mfupi, gonga upande mrefu, kisha toboa chache chache. (Wanaochanganya karatasi za saizi ya A4 na za saizi ya leta ndio wamezidi: moja ni milimita 210 kwa 297, nyengine 216 kwa 279. Hizo hata ugonge mpaka alasiri hazilingani.)

Juzi nimeletewa ripoti yangu, kurasa za katikati zimekwenda upande. Namuuliza kijana wa mashine, "Mwanangu, hii vipi?" Ananijibu, "Haionekani hiyo, mama." Haionekani! Mbona pesa alizihesabu noti kwa noti?