Mwalimu wa nidhamu asiwe ndiye mshauri

Katika sekondari zetu nyingi, hasa za kata, ukimtafuta mwalimu wa ushauri nasaha utaonyeshwa mtu mwenye vipindi vya Historia tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, mikondo mitatu ya madaftari ya kusahihisha, na kiti kwenye kamati ya nidhamu. Vipindi vinamchosha, lakini shida yangu ni hicho kiti.

Fikiria kijana wa kidato cha pili aliyeanza kuweka mdomoni tumbaku ya kuberi, kisha akaonjeshwa bangi. Nyumbani baba kaondoka, mama anauza maandazi alfajiri, na yeye ndiye anayelea wadogo zake. Anataka kumwambia mtu. Lakini mtu aliyewekewa ndiye huyo huyo atakayekaa Alhamisi kupanga nani asimamishwe masomo. Kwa nini aseme? Anaijua hesabu yake: akinyamaza, huenda asikamatwe. Akisema, ni fimbo, barua ya kumwita mzazi na wiki mbili nyumbani. Na hizo wiki mbili atazimalizia wapi, kama si kijiweni kwa yule yule anayemuuzia?

Sisemi shule ziache nidhamu. Anayewauzia wenzake bwenini ashughulikiwe, na polisi waitwe ikibidi. Ninachosema ni kwamba anayekuja kwa miguu yake kuomba msaada asiadhibiwe kwa alichokisema, na kanuni hiyo iandikwe na isomwe mstarini ili kila mwanafunzi aisikie.

Tumezoea kupambana na bidhaa. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku Machi 2017, nami nilifurahi, maana vilikuwa vinaingia mfukoni mwa sare bila kuonekana. Baadaye zikaja chupa ndogo za plastiki. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nayo hupeleka elimu mashuleni, jambo jema. Ila hotuba ya mstarini, mbele ya wanafunzi mia kadhaa, haimfikii yule mmoja. Tena tunapenda kuwatisha kwa habari za mateja wa heroini. Mtoto wa kuberi anasikiliza, anajiangalia, anaona yeye si teja, basi hayamhusu. (Tiba ya methadoni, iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, ni ya heroini na jamii yake. Wa bangi hana dawa ya namna hiyo, anachohitaji kwanza ni mtu wa kuongea naye.)

Wazazi wenzangu watauliza: yaani mwanangu avute bangi, shule ijue, mimi nifichwe? Hapana. Mzazi aambiwe, lakini kijana awepo, na wapangane kwanza na mshauri wake namna ya kulisema. Kuna nyumba ambazo taarifa hiyo ikifika ghafla mtoto analala nje. Na kama anayemuumiza yumo humo humo nyumbani, siri haipo tena: afisa ustawi wa jamii ahusishwe, au ipigwe 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Mshauri mzuri humweleza mtoto mipaka hiyo kabla hajafungua mdomo.

Haya hayataki jengo jipya. Yanataka mwalimu mmoja apunguziwe vipindi, atolewe kwenye kamati ya nidhamu, apewe mafunzo yanayozidi semina ya siku moja, na apate chumba ambacho mlango wake hautazamani na wa makamu mkuu wa shule. Wakuu wa shule watasema walimu hawatoshi, na kweli hawatoshi, hasa wa Hisabati na sayansi. Lakini kumtoa mtu kwenye kamati hakuhitaji ajira mpya.

Kwenye vikao vya wazazi tunamaliza saa nzima kwenye michango ya chakula cha mchana. Kikao kijacho, kabla hatujafika huko, mzazi mmoja asimame aulize: mwanafunzi akija mwenyewe kusema anavuta, hapa shuleni anafanywa nini? Jibu la mkuu wa shule liingie kwenye muhtasari, neno kwa neno.