Kumkatia simu tapeli si kukosa adabu

Mtu akitapeliwa kwa simu hapa Dar, jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba ameponzwa na tamaa. Naona tunawaonea watu. Ni kweli wapo matapeli wanaocheza na tamaa: wale wa kujiunga Freemason, wa mganga wa utajiri, wa "umeshinda milioni kumi". Lakini chukua maneno yanayotumwa kila siku uyasome taratibu.

"Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii." Anayenaswa hapo ni mpangaji anayetaka kulipa anachodaiwa. "Mimi mwalimu wa zamu, mtoto wako ameanguka, tuko hospitali, wanataka hela ya kipimo." Anayenaswa ni mzazi. "Samahani mama, nimekosea namba, hela ya mgonjwa imeingia kwako, naomba unirudishie." Huyo ni mtu mwaminifu asiyetaka kula cha mwenzake. Ukimwambia mtu wa namna hii aache tamaa hujamsaidia, maana hakuwa nayo.

Kinachomsaidia ni utaratibu alioupanga kabla simu haijaita. Nao ni mmoja kwa visa vyote: kata, halafu piga wewe kwa namba uliyonayo tangu zamani. Usipige ile iliyokupigia, wala nyingine atakayokutajia. Namba ya mwenye nyumba iko kwenye mkataba wa pango. Namba ya ofisi ya shule na ya mwalimu wa darasa ziwe kwenye simu ya baba, ya mama, na ya dada anayebaki na watoto nyumbani, kwa sababu tapeli hachagui nani atapokea. Mwenye nyumba asipopokea, subiri. Kodi ikichelewa mpaka jioni hakuna atakayetolewa vyombo nje.

Ugumu uko kwenye kule kukata. Tumelelewa kuitikia. Mtu akishakuamkia shikamoo nawe ukaitikia marahaba, unajisikia una wajibu wa kumsikiliza mpaka amalize. Tapeli analijua hilo, ndiyo maana anaanza na salamu ndefu na kukuita kwa majina yako yote. Hayo majina hakuyapata kwa siri yoyote. Mtu yeyote akianza kutuma hela kwenye namba yako, mfumo humwonyesha jina lako kabla hajathibitisha. Anasoma jina, anaufuta muamala, anakupigia. Kwa hiyo kutajwa jina si ushahidi kwamba mpigaji anakujua. Na akikwambia "usikate simu" au "usimwambie mtu", hapo hapo kata, bila kwaheri. Anataka simu ibaki sikioni ili usipate nafasi ya kumpigia mwingine wala kumuuliza jirani.

Kuonyeshwa jina huko huko ndiyo kinga yako kubwa unapotuma hela, nayo tapeli ameitafutia dawa. Soma tena ule ujumbe maarufu: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja" fulani. Anakutajia jina mapema kwa kuwa laini anayotumia imesajiliwa kwa mtu mwingine. Anajua ukiliona jina geni utashtuka, basi anakuandaa, ili ukiliona useme "eeh, ndilo lenyewe". Ujumbe ukiwa na maneno "jina litakuja", huhitaji kuchunguza zaidi.

Kwenye hela "iliyokosewa" nitakaa kidogo, maana ndipo wanapoumia watu waangalifu. Kwanza, usiuamini ujumbe, amini salio. Fungua menyu mwenyewe (M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, Mixx by Yas *150*01#, HaloPesa *150*88#) uangalie kilichomo. Mara nyingi utakuta hakuna kilichoingia. Ujumbe ule umeandikwa na tapeli kwa mkono, na ukiuangalia juu utaona umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Pili, hata kama hela imeingia kweli, usiitume kwa mkono. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake aombe muamala urudishwe, nawe uiache hela bila kuigusa. Ukiituma mwenyewe, yeye anaweza bado kuomba kurudishiwa muamala wa kwanza, ikakutoka mara mbili. Mwenye nia njema atakubali njia hiyo, hata akinung'unika kwamba inachelewa. Mawakala nao wauzingatie utaratibu huu kwenye foleni ya jioni: usitoe fedha taslimu kwa kuonyeshwa ujumbe, angalia salio la laini yako ya uwakala kwanza.

Wale wanaojiita huduma kwa wateja wana kipimo chepesi. Mitandao yetu yote inatumia namba 100, na Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, imekuwa ikisisitiza kwamba mtandao ukikuhitaji utakupigia kwa namba hiyo. Anayekupigia kwa 07 au 06 akisema laini yako inafungwa leo si mfanyakazi wa mtandao. Usihukumu kwa tarakimu za mwanzo pia. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake, hivyo 075 haithibitishi kwamba yuko Vodacom. Na aliye mfanyakazi kweli haulizi namba ya siri.

Hatari kubwa ya simu hizi ni pale anapokuelekeza kubonyeza. "Andika hii, sasa weka moja, sasa weka hizi tarakimu." Unadhani unahakiki usajili, kumbe umeingia kwenye menyu ya kutuma hela: tarakimu za kwanza ni namba yake, zinazofuata ni kiasi. Kuna nyingine inaanza na **21*, ikifuatiwa na namba ya simu na alama ya #. Hiyo inahamisha simu zako zote ziende kwake. Ndugu wakikupigia kuuliza kama kweli umeomba hela, anapokea yeye. Ukihisi umebonyeza kitu cha aina hiyo, piga *#21# kuangalia kama simu zinahamishwa, halafu ##002# kufuta uhamishaji wote. Tarakimu sita za WhatsApp zinazokuja kwa ujumbe nazo usimpe mtu, hata kama anayeziomba ni jina unalolijua kwenye kundi la kikoba au la kamati ya harusi. Inawezekana akaunti yake imeshachukuliwa, na sasa wanaitafuta yako. Weka ile namba ya siri ya ziada kwenye mipangilio ya WhatsApp, ni kazi ya dakika moja.

Kuzuia namba moja moja kunapunguza kero, ila tapeli ana laini nyingi. Swali la maana ni anazipata wapi wakati tulishasajili kwa alama za vidole, na mwisho wa usajili ule ulikuwa Januari 2020. Jibu moja liko chini ya miamvuli ya wasajili wa mtaani, kuanzia Mbagala hadi Mwenge. Unaweka dole gumba, unaambiwa "haijasoma, weka tena". Huenda ni kweli vidole vina jasho au vumbi. Huenda pia dole la pili linasajili laini nyingine kwa kitambulisho chako cha NIDA, iuzwe kwa mtu usiyemjua. Siku polisi wakiifuatilia namba hiyo, jina litakalotoka ni lako. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiwa na laini za mitandao miwili, fanya kwa zote mbili. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho, uwaambie waiondoe. Kwa laini mpya, ni afadhali utembee hadi dukani kwenyewe.

Kuna wanaopiga kwa biashara halali, nao wanachosha vilevile: viwanja vya Kibaha na Mkuranga, bima, mikopo. Namba yako wameipata kwenye daftari la wageni la jengo fulani, kwenye kuponi ya bahati nasibu, kwenye fomu uliyojaza sehemu ukasahau. Hawa usiwatukane. Uliza swali moja: namba yangu mmeipata wapi? Kisha mwambie aiondoe kwenye orodha yao, na uandike jina la kampuni na tarehe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kukataa taarifa zako zisitumike kwa matangazo ya biashara, na malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tuitumie sheria hii. Haki isiyodaiwa inabaki kwenye karatasi.

Wa mikopo ya mtandaoni ni habari nyingine. Wanakupigia kwa deni la rafiki yako kwa sababu alipopakua programu aliiruhusu isome majina yote kwenye simu yake. Hukusaini udhamini, hudaiwi. Hakuna haja ya kubishana nao wala kuwalipa "kidogo" ili wanyamaze.

Ukishatuma hela kwa tapeli, dakika ndizo zinazoamua, kwa kuwa muamala unaweza kuzuiwa tu kama hela bado iko kwenye akaunti yake, na yeye au mwenzake huwa ameshasimama karibu na wakala. Piga 100 mara moja, kabla hujampigia ndugu kumsimulia. Wape namba ya kumbukumbu ya muamala, kiasi na saa. Usifute ujumbe wowote. Ikiwa mtandao kwenye simu umepotea ghafla na kuandika hakuna huduma, huenda laini yako imebadilishwa na mtu mwingine. Azima simu ya mtu mwenye laini ya mtandao huo, piga 100, uombe laini na akaunti ya hela vifungwe, kisha nenda dukani na kitambulisho.

Halafu nenda kituo cha polisi kilicho karibu uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Mtandao hautakupa wewe taarifa za mwenye laini, lakini polisi wataziomba kwa utaratibu wao, na bila RB hakuna pa kuanzia. Ujumbe wa tapeli uupeleke kama ulivyo kwenda 15040. Utajibiwa utume namba iliyokutumia, uitume. Fanya hivyo hata siku ambayo hukuibiwa, kwa sababu ujumbe ule ule ametumiwa pia mpangaji mwingine, na huyo labda leo ndiyo siku yake ya kulipa kodi.