Si kukosa chai tu, ni kinacholiwa na chai hiyo
Hoja kwamba watahiniwa wa kidato cha nne wanapoteza umakini kwa sababu hawajanywa chai asubuhi ni nusu ya ukweli. Karatasi ya asubuhi huanza saa 2:00 na mara nyingi huisha saa 5:00. Aliyekunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi na maandazi mawili saa 12:00 naye amekunywa chai, lakini unga mweupe na sukari husagwa upesi, na kwenye saa 4:00 njaa inauma, hata mikono inaweza kutetemeka, naye anadhani ni hofu ya mtihani. Mpeni uji mzito wa ulezi uliochanganywa na karanga zilizosagwa, au viazi vitamu na yai la kuchemsha. Kiporo cha maharage kilichopashwa vizuri hadi kichemke nacho kinafaa sana. Chai isubiri walau saa nzima baada ya chakula, maana inazuia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage na mchicha, na wasichana walio kwenye hedhi ndio wanaoumia zaidi. Limau kwenye mchicha husaidia mwili kufyonza chuma hicho. Halafu vinywaji vya kuongeza nguvu: kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu, kwa hiyo kopo la saa 4 usiku bado linafanya kazi saa 9 alfajiri, na usingizi ndio unaohifadhi alichosoma. Walimu wa bweni, kuna shule iliyofanikiwa kubadilisha chai ya asubuhi wakati wa mitihani bila kupandisha michango?