Eti "dereva tu"

Juzi usiku, kwenye kundi letu la chemsha bongo, swali lilikuwa jepesi: taja wanaanga wa Apollo 11, safari ya kwanza kuwatua watu mwezini. Nikaandika majina matatu. Aliyeandika mawili akapewa pointi zote, mimi nikakatwa moja kwa kosa la kuongeza jina lisilohitajika. Nikauliza ni lipi hilo. Jibu likaja na kikaragosi kinachocheka hadi machozi: "Huyo Collins alikuwa dereva tu."

Nililala nimenuna, nikaamka nimenuna. Afadhali niandike hapa kuliko kujibu kule nikatolewa kwenye kundi.

Ugomvi wangu ni na hilo "tu". Udereva sina shida nao, ndiyo, aliendesha. Lakini tazama jinsi herufi mbili zinavyoweza kumfuta mtu. Mpishi tu. Nesi tu. Mlinzi tu. Kisha siku mlinzi asipokuja, tunabaki nje ya geti tukipigiana simu.

Niwape haki yenu kwanza, msije mkasema nina chuki. Neil Armstrong ndiye mtu wa kwanza kuukanyaga mwezi, Julai 20, 1969. Aliiteremsha Eagle, chombo cha kutua, huku kompyuta ikipiga kelele za hitilafu na mafuta yakikaribia kwisha, na sauti yake haikutetemeka. Buzz Aldrin akamfuata. Heshima zao wanazo, tena wanazo za kutosha, kila mahali, miaka nenda miaka rudi. Mmeridhika? Haya.

Wakati huo Michael Collins alikuwa ndani ya Columbia, chombo mama, akiuzunguka mwezi zaidi ya kilomita 100 juu yake. Kila mzunguko ulichukua takribani saa 2. Na katika kila mzunguko, kwa dakika kama 48, alipita nyuma ya mwezi, mahali ambapo redio haifiki. Houston, kituo cha kuongozea safari, hawamsikii, wenzake hawamsikii. Baadaye aliandika kwamba akiwa huko nyuma, watu wakihesabiwa, upande ule wangekuwa bilioni 3 na wawili, na upande huu yuko mmoja, pamoja na chochote kingine akijuacho Mungu.

Hapo ndipo watu humwonea huruma, maskini kaachwa peke yake. Hakuitaka huruma hiyo. Alikaa peke yake chomboni kwa zaidi ya saa 27, na baadaye alieleza kwamba hakuona upweke wowote. Alikuwa ametulia, karibu niseme alifurahi. Alikuwa hata na kahawa ya moto. Mimi nikifungiwa kwenye lifti dakika 10 huanza kuaga ndugu.

Kilichomtisha kilikuwa kitu kingine, na hiki ndicho wenye "tu" zao hawakijui. Injini ya kuwapandisha Armstrong na Aldrin kutoka mwezini ilikuwa moja, haina mwenzake wa akiba. Ikigoma, imegoma. Columbia haikuundwa kutua, kwa hiyo Collins hangeweza kushuka kuwachukua. Angelazimika kugeuza chombo na kurudi nyumbani akiwa na viti viwili vitupu pembeni. Rais Nixon alikuwa ameshaandikiwa hotuba ya rambirambi, endapo. Collins alikiri kwamba hofu hiyo aliibeba kimyakimya kwa miezi 6, na kwamba alikuwa ameshaamua: wasipopanda, hatajiua, atarudi, na ataishi maisha yake yote akinyooshewa vidole.

Hebu liweke hilo moyoni kidogo. Kutembea mwezini kunataka ujasiri, nakubali. Lakini kuna ujasiri wa mtu anayejua kwamba huenda atatakiwa kuwaacha rafiki zake wafe, kisha awe mzima wa akili kiasi cha kukifikisha chombo baharini salama, kisha ashuke, awatazame wake zao usoni. Huo hauna picha wala bendera. Na mwenye kuubeba anapata nini kwetu? Kikaragosi kinachocheka.

Wala hakukaa akingoja kwa kuomba dua tu. Alikuwa na daftari alilolining'iniza shingoni, lenye njia 18 tofauti za kuikuta Eagle endapo ingepanda vibaya, ikiwa chini mno, au ikichelewa, au ikielekea siko. Kila alipopita juu ya eneo walilotua alichungulia kwa sekstanti, kifaa chenye darubini, akiitafuta. Hakuiona hata mara moja. Katikati ya hayo mfumo wa kupooza mitambo ukaanza kuleta matatizo, Houston wakampa utaratibu mrefu wa kuurekebisha. Akageuza swichi kutoka otomatiki kwenda mkono, kisha akairudisha, na tatizo likaisha. Fundi yeyote anayesoma hapa ametabasamu.

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka uliotangulia. Collins alikuwa amepangwa kwenye safari ambayo baadaye ilikuja kuwa Apollo 8, ya kwanza kabisa kuwapeleka watu kuuzunguka mwezi. Mwaka 1968 pingili za shingo zikamletea matatizo, akafanyiwa upasuaji, kiti chake akapewa Jim Lovell. Desemba ilipofika Collins alikuwa Houston kwenye redio, na ni sauti yake iliyowapa ruhusa ya kuwasha injini kuelekea mwezini. Aliwaruhusu waende kwenye safari yake mwenyewe! Mimi niliwahi kuugua nikaondolewa kwenye kazi niliyoiandaa miezi 8. Aliyenirithi aliponipigia kuuliza faili fulani liko wapi, nilimwacha ahangaike siku nzima ndipo nikamwambia. Sijivunii. Nasema tu kwamba najua ni umbali gani uliopo kati yangu na yule bwana.

Halafu kuna ile picha: Eagle inarudi, mwezi uko chini yake, dunia inachomoza nyuma. Husemwa kwamba binadamu wote wamo kwenye picha ile isipokuwa Collins, maana ndiye aliyeipiga. Wajuaji watasema upande wa pili wa dunia hauonekani. Kaeni chini. Mimi ndiye mpiga picha wa ukoo wetu, nina albamu nzima za harusi ambazo ungedhani sikualikwa, kwa hiyo picha ile ninaielewa bila msaada.

Vyombo vilipoungana na Aldrin akaingia, Collins alimshika kichwa kwa mikono miwili akataka kumbusu kwenye paji la uso, kisha akaona aibu akaacha. Miezi 6 ya hofu iliisha hivyo.

Na kabla hata hawajaruka, aliyekuwa akipanga marubani, Deke Slayton, alimwambia angeweza kumrudisha kwenye zamu. Kwa jinsi zamu zilivyokwenda, huenda angeiongoza Apollo 17 na kutembea mwezini kwa miguu yake. Akajibu kwamba safari hii ikifanikiwa, ameacha. Akaacha kweli. Baadaye akasimamia ujenzi na ufunguzi wa jumba la makumbusho ya anga mjini Washington, lililofunguliwa 1976. Alifariki Aprili 2021, akiwa na miaka 90.

Lipo jambo moja linalonikwaza kwake. Alikataa kuitwa shujaa. Alisema mashujaa wapo tele, ila wanaanga wasihesabiwe humo, kwa sababu walifanya kazi kwa bidii na hiyo ndiyo kazi waliyoajiriwa kuifanya. Samahani mzee wangu, kwa hapo tutatofautiana.

Makala hii nimeituma kule kwenye kundi. Mwenye maswali ameisoma, alama mbili za bluu zinaonekana. Pointi yangu hajairudisha.