Uhalisia gani huo, gari linagonga ukuta halipati hata mkwaruzo?

Juzi kwenye grupu letu la magemu jamaa kaposti picha ya usukani wake mpya na pedali tatu, hongera zake, tungemuachia tu afurahi, ila chini yake akaandika eti sasa ndo anacheza gemu za magari za kweli, sisi wa Need for Speed tuendelee na katuni zetu. Katuni! Most Wanted ya 2005, ile ya BMW M3 GTR, polisi wamekuzunguka, moyo unadunda mpaka kiganja kinateleza kwenye pedi, leo inaitwa katuni na mtu aliyefunga usukani kwenye meza ya kulia chakula.

Sasa tuuongelee huo uhalisia. Gran Turismo ndo baba lao, sibishi. Ilianza 1997 kwenye PlayStation ya kwanza na wenyewe wakajinadi kwamba hii ndo simuleta halisi ya udereva. Uzito wa gari unavyohamia mbele ukikanyaga breki, tairi zinavyoachia ukiingia kona vibaya, vitu vitamu kweli. Ila kila aliyeicheza anaujua ule mchezo wa ukuta: unaingia kona na spidi yote, breki huigusi, unaegemeza ubavu wa gari ukutani, ukuta wenyewe unakupindishia kona, unatoka upande wa pili gari linang'aa kama limetoka kuoshwa na umeshampita mwenzio aliyefunga breki kwa adabu zake. Tukaenda hivyo hivyo mpaka Gran Turismo 5 ya 2010 ndo bodi zikaanza kubonyea, na zenyewe kwa aibu aibu. Magari yale yana majina ya kampuni za kweli, na mwenye jina lake hapendi kuliona limekunjika mbele ya watu. Yaani ajali, kitu cha kweli kuliko vyote barabarani, ndo kilichoachwa nje.

Wakati huo 2004 Criterion wa Uingereza wanatoa Burnout 3. Magari ya kubuni, hakuna wa kununa, kwa hiyo wanayavunja wanavyotaka. Ukigonga, boneti inafumuka, vioo vinamwagika, tairi linajiendea zake, halafu muda unapunguzwa kasi ili ulisukume gofu lako limfuate adui hukohuko. Kuna modi nzima ambayo kazi yako ni kuingia kwenye makutano na kusababisha hasara, na hasara inahesabiwa kwa dola! Uendeshaji wenyewe ni vichekesho, gari linakata kona kwa spidi ambayo ungekuwa unaokotwa vipande. Lakini boosti unaipata kwa kupita upande wa wanaokuja, lori linakujia usoni, unalikwepa kwa kidole kimoja, mwili mzima unaganda. Niambie kati ya hizo mbili ipi inakufanya uogope barabara. Kila mtengenezaji anachukua kipande anachokipenda, huyu kachukua tairi, yule kachukua ajali, halafu aliyechukua tairi anamwita mwenzie mtoto.

Banda la gemu la mtaani kwetu lilishamaliza huu ubishi zamani. Tulikuwa tunalipia kwa muda, ukiweka Gran Turismo unaanza na leseni: kanyaga mafuta, nyooka, simama ndani ya kile kieneo. Umepitiliza, rudia. Umesimama kabla, rudia. Dakika zinakatwa, memori kadi hakuna, ukirudi kesho leseni upya, na waliokaa kwenye benchi wanapiga kelele toa hiyo tuweke mpira.

Haya, kwa shingo upande: Jann Mardenborough alishinda GT Academy 2011, lile shindano la kuwageuza wachezaji wa Gran Turismo kuwa madereva, na 2013 akawa kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, ndani ya gari la kweli. Burnout haijatoa dereva hata mmoja, na kwa usalama wetu sote tushukuru.

Ila kuna WRC 9, gemu ya mashindano ya rali ya dunia. Ilitoka Septemba 2020 na Safari Rally ya Kenya ndani, wakati Safari yenyewe ya mwaka huo ilishafutwa kwa ajili ya korona, kwa hiyo gemu ikaiga mashindano ambayo hayajafanyika. Yakaja kufanyika Naivasha 2021, dereva Neuville anaongoza mpaka Jumapili asubuhi, shokapu ya nyuma ikamfia, mpinzani wake Ogier akabeba. Wekeni na hicho basi! Mtu aongoze wikiendi nzima, shokapu ife, na kitufe cha kurudia kisiwepo, tuone hao wa usukani watabaki wangapi.

Huku kwenye simu vijana wako zao na Bus Simulator Indonesia, wameyapaka mabasi rangi za mabasi ya mikoani tunayopanda kila siku, basi halina uzito wala nini, ila honi ikilia mtu anacheka peke yake. Nendeni mkawahubirie hao habari za tairi.

Na sasa uhalisia umefika mpaka kwenye bando. Gran Turismo 7 ya 2022, hata ukicheza peke yako karibu kila kitu kinataka intaneti, na mwezi uleule iliotoka, Machi, matengenezo ya seva yakaenda zaidi ya saa 30, watu wamehangaikia magari yao wiki nzima halafu hawawezi kuyagusa. Gereji gani hiyo haifunguki bila bando?