Siri ya fyuzi ya redio: woga au busara?

Wakuu wa majeshi ya Marekani na Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia hulaumiwa hadi leo kwamba walikuwa na silaha ya kuokoa maisha wakaificha. Lawama hiyo ina uzito. Fyuzi ya redio, yaani kifaa cha kulipua kombora la mzinga likikaribia shabaha, ilitungua ndege ya Japani Januari 1943, ikifyatuliwa kutoka manowari ya Marekani Helena, lakini mizinga ya nchi kavu barani Ulaya haikuruhusiwa kuitumia dhidi ya askari wa Ujerumani hadi Desemba 1944, kwenye mapigano ya Ardennes, Ubelgiji. Aliyefiwa na mwanawe Normandy, Ufaransa, kabla ya hapo hawezi kulazimishwa kuuelewa ucheleweshaji huo.

Lakini kitazame kifaa chenyewe. Waingereza walilipeleka wazo Marekani mwaka 1940, na timu ya mwanafizikia Merle Tuve ikaunda redio ndogo ya kukaa kwenye ncha ya kombora la mzinga, valvu zake zikistahimili mshtuko wa mara 20,000 ya nguvu ya uvutano. Mawimbi yakigonga ndege na kurudi, kombora linalipuka lenyewe. Fyuzi ya zamani ilitegwa muda kabla ya kufyatua: kombora la mita 700 kwa sekunde likikosea sehemu moja ya kumi ya sekunde, limelipukia mita 70 mbele au nyuma ya shabaha. Sasa kombora bovu moja likiokotwa na adui, siri yote imo mkononi mwake. Na anga la Ujerumani lilijaa ndege za nani? Za Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, maelfu kwa maelfu, na vijana wao ndani.

Ndiyo maana V-1, yale mabomu ya Ujerumani yenye mabawa yaliyorushwa London, ni kesi ya kipekee. Julai 1944 mizinga yenye fyuzi hiyo ilihamishiwa pwani ya kusini-mashariki mwa Uingereza ikapiga kuelekea baharini, ambako kombora bovu huzama na siri yake. Wiki ya kwanza ilidungua takriban 17 kwa kila 100 yaliyoingia eneo lake. Wiki ya mwisho, 74. Wanaoipinga fyuzi husema sifa ni za rada mpya na mashine za kulengea. Ni kweli, haviwezi kutenganishwa, na wapigaji mizinga nao walikuwa wakijifunza. Ila kulenga vizuri kiasi gani kungefaa kitu, kwa bomu la kilomita 600 kwa saa, kama kombora bado linalipukia mita 70 mbele au nyuma yake?

Ugumu wa kuwatetea wakuu hao unaanza Septemba, vituo vya V-1 vya kaskazini mwa Ufaransa vilipotekwa na muda wa Ujerumani kuiga chochote ukawa umekwisha. Miezi ile mitatu ya mwisho siioni hoja yake.